Elizabeth wa Trefan

Misukosuko inayoweza kuifikia nyumba ya mume na mke ni mingi, na mingi yake watu wameizoea hata wanayo tayari maneno ya kuifariji: maradhi yana pole yake, ufukara una michango yake, na mauti yana matanga yake, lakini liko jambo moja ambalo likitokea, jamaa na majirani hukosa la kusema wapigapo hodi, nalo ni pale mmoja wa waliooana anapomweleza mwenzake kwamba jinsia aliyohesabiwa tangu kuzaliwa siyo ile anayoijua ndani ya nafsi yake, na kwamba hana tena uwezo wa kuishi akiificha. Habari hiyo ikiisha kusemwa, bado kuna vitanda vya watoto vya kutandikwa, karo ya kulipwa, na chakula cha jioni cha kupakuliwa. Hayo yanayobaki ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Nimechagua mfano wa nyumba moja ya kaskazini-magharibi ya Wales, katika kijiji cha Llanystumdwy, kwa kuwa ni nyumba iliyoishi na jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na kwa kuwa mmoja wa wenyewe alikuwa mwandishi mashuhuri aliyelieleza mbele ya ulimwengu wakati ambapo wengi walilizika moyoni. James Morris alizaliwa Uingereza mwaka 1926, akawa askari, kisha mwandishi wa gazeti la The Times. Ndiye aliyefuatana na msafara uliopanda mlima Everest mwaka 1953, na ndiye aliyeipeleka London habari ya ushindi ule, ikachapishwa asubuhi ya siku ya kutawazwa kwa Malkia. Wasomaji wenye nasaba ya Oman huenda wakamjua kwa njia nyingine, maana mwezi wa Desemba 1955 alikuwa katika msafara wa Sultani Said bin Taimur kutoka Dhofar kuelekea bara ya Oman, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Huyu ndiye aliyeanza kutumia homoni za kike mwaka 1964, akafanyiwa upasuaji huko Casablanca, Morocco, mwaka 1972, na akaishi kwa jina la Jan Morris hadi alipofariki mwezi wa Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 94. Kitabu chake, Conundrum, kilitoka mwaka 1974.

Walakini macho yangu katika makala haya hayamwelekei sana Jan. Yamwelekea Elizabeth, mkewe, binti wa mkulima wa chai wa Ceylon, aliyeolewa naye mwaka 1949 na kumzalia watoto watano, mmoja wao akafariki angali mchanga.

Kabla ya kuendelea, haina budi tuelewane juu ya jambo lenyewe. Wengi hudhani kwamba kubadili jinsia ni kazi ya siku moja, mtu akaingia hospitali mwanamume akatoka mwanamke, au kinyume chake. Sivyo. Baina ya kidonge cha kwanza cha Morris na upasuaji wake ilipita miaka minane. Anayetumia homoni za kike, ngozi yake hulainika, shahamu ya mwili huhamia nyongani na mapajani, na matiti huanza kuota baada ya miezi kadhaa, lakini sauti yake haibadiliki wala ndevu zake hazitoweki kwa dawa hizo. Anayetumia homoni za kiume, hedhi yake hukoma, ndevu huota, na sauti huwa nene, na unene huo wa sauti haurudi nyuma hata dawa zikiachwa. Wako wasiofika kamwe katika upasuaji, wakatosheka na jina jipya na mavazi mapya. Dawa hizo zaweza pia kuudhuru uwezo wa kuzaa, na kwa sababu hiyo matabibu hushauri kwamba mume na mke ambao bado wanatamani mtoto walizungumze suala hilo kabla ya dawa kuanza, si baada yake. Ama kuhusu dhana kwamba hali hii ni wazimu, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliitoa katika fungu la maradhi ya akili. Msomaji anaweza kuwa na itikadi yake juu ya haya, naye ana haki nayo. Ninachomwomba ni kwamba tuitazame nyumba, maana watoto waliomo hawakungoja wakubwa wamalize mjadala ndipo wapate kukua.

Miaka minane ni muda mrefu katika umri wa mtoto. Aliyekuwa akifundishwa kusoma mwanzoni mwake, mwisho wake amekuwa kijana anayenyoa ndevu. Katika muda huo Morris alikuwa na nyumba ndogo mjini Oxford alikoishi kama mwanamke, na nyumbani Wales mambo yakabadilika pole pole. Na hata baada ya Casablanca, kulikuwa na watu ambao mbele yao Jan na Elizabeth walijulikana kuwa ni mawifi. Sitara hiyo haikuwa ya bure. Kila ambaye amewahi kuishi na siri ya nyumbani ajua kwamba siri huwa na mtumishi wake, mtu wa kukumbuka nani anajua na nani hajui, fulani ameambiwa nini na fulani mwingine nini, barua hii ifunguliwe na nani na simu ile ijibiwe kwa jina gani. Aghalabu mtumishi huyo ni yule mwenzi asiyebadilika.

Wala tusiipake nyumba ile rangi isiyo yake. Morris alikuwa msafiri wa kazi. Aliandika juu ya Venice, juu ya Oxford, juu ya dola ya Kiingereza kwa vitabu vitatu vikubwa, na vitabu vya namna hiyo haviandikwi na mtu anayekaa nyumbani akisikiliza watoto wakihesabu. Elizabeth ndiye aliyekaa. Kama watoto wale walipata mahali ambapo leo palifanana na jana, walipapata zaidi kwake, na ninadhani hapa ndipo ulipo msingi wa jambo zima, ambao waandishi wengi huupita haraka wakikimbilia habari za vidonge na visu.

Maana watafiti waliochunguza watoto wa nyumba kama hizi wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 1978 tabibu wa Marekani, Richard Green, alichapisha habari za watoto 37, na 16 kati yao walikuwa wakilelewa na wazazi waliobadili jinsia. Hofu ya zama zile ilikuwa kwamba mtoto atachanganyikiwa asijue kama yeye ni mvulana au msichana, naye Green hakuiona hofu hiyo ikithibiti. Mwaka 2004 wataalamu wawili, Tonya White na Randi Ettner, walikusanya maarifa ya washauri wa nafsi waliozihudumia familia za namna hii, na ikadhihiri kwamba miongoni mwa yanayomuumiza mtoto zaidi ni kutenganishwa kwa ghafula na mmoja wa wazazi, ugomvi wa wazazi juu ya jambo lenyewe, na mzazi mmoja kumpinga mwenziwe kwa uchungu usiokoma, na yanayomkinga ni ukaribu wake na yule mzazi mwingine, maelewano ya wazazi wote wawili katika malezi, na jamaa ambao hawakuwapa kisogo. Ikaonekana vile vile kwamba watoto wadogo hulizoea jambo kwa wepesi kuliko wale waliokwisha kuingia katika ujana. Ukiyatazama hayo utaona kwamba mwili wa mzazi haumo katika orodha ya yanayoumiza. Yaliyomo ni mambo ambayo bibi yeyote wa pwani angeyataja kama ungemuuliza juu ya talaka ya kawaida.

Mtoto wa miaka mitano haulizi falsafa. Huuliza: nani atanipeleka shule? Je, bado utanibeba mabegani? Je, nami nitageuka? Maswali haya yanataka majibu mafupi na ya kweli, yatolewe na wazazi wote wawili wakiwa wamekaa pamoja, wala si mmoja akinong'ona jikoni na mwingine akijifungia chumbani. Mtoto aambiwe kwamba hakusababisha jambo hili kwa utundu wake wala hawezi kulizuia kwa wema wake; aambiwe kwamba halimwambukizi; aambiwe ni nini kitabadilika wiki hii, kama ni nywele au nguo au jina, na ni nini hakitabadilika hata kidogo. Kisha asikabidhiwe habari hiyo kama siri ya kuibeba peke yake uani mwa shule, maana mzigo ambao mtu mzima ameshindwa kuubeba kwa miaka arobaini si wa kumtwika mtoto wa darasa la pili. Ni afadhali mwalimu mmoja mwenye busara ajulishwe mapema, ili siku mtoto atakapochokozwa awepo mtu wa kumkimbilia.

Kijana wa miaka kumi na minne ana shida nyingine. Yeye mwenyewe mwili wake unageuka bila kumwomba idhini, naye anapigania kutofanana na wazazi wake huku akitaka wazazi hao wasionekane na rafiki zake. Sasa mmoja wao amekuwa jambo la kuonekana na kila mtu. Kijana huyu atahamaki, na hamaki yake haina maana kwamba upendo umekwisha. Wazazi wengi hukosea hapa kwa kumtaka afurahi. Si lazima afurahi. Inatosha kwamba anakula mezani pamoja na wenziwe, kwamba amepewa mtu wa kuzungumza naye asiye mzazi, mjomba au shangazi au mshauri, na kwamba hakulazimishwa kuwa shahidi wa upande wowote. Suala la jina la kumwitia mzazi lingeweza kuachiwa watoto wenyewe kwa kiasi kikubwa: wengine hulishika lile la zamani wakiwa nyumbani, wengine hubuni lao, na wengine hulibadilisha siku ambayo hakuna aliyekuwa akitazamia.

Nimrudie sasa mwenzi. Pauline Boss, mwanachuoni wa Marekani, alipochunguza katika miaka ya 1970 hali ya wake wa askari waliopotea katika vita vya Vietnam, aliona kwamba kuna msiba wa namna ya pekee, msiba usio bayana, ambao ndani yake mtu hajui kama amefiwa au hakufiwa. Na nadharia yake hiyo imewasaidia wengi kuieleza hali ya mke au mume wa mtu anayebadili jinsia. Aliyeolewa naye yupo. Anakunywa chai ile ile, anacheka kwa kicheko kile kile, anakumbuka siku ya harusi na nani alilia. Na bado liko jambo limeondoka, ile harufu, lile shavu lenye ndevu, ile namna ya kuitwa mke wa fulani sokoni. Kwa msiba huu hapaandikwi tanzia, hapatandikwi mkeka, wala hapaji jirani na sahani ya pilau. Na mwenye kufiwa hukemewa mara mbili, na wale wanaomwambia kwamba ni mjinga kubaki, na wale wanaomwambia kwamba akilia amemdhulumu mwenzake. Mimi nasema ana haki ya kulia, na tena alie mbele ya mtu anayeweza kumsikiliza bila kumhukumu, kwa kuwa huzuni iliyonyimwa mlango huingia katika malezi kwa dirisha, ikawa ukali juu ya watoto au ukimya wa wiki nzima.

Kuna na hasira, nayo ina sababu zake. Mara nyingi swali linalochoma si kwa nini umebadilika bali ni tangu lini ulijua, na kwa nini nimeambiwa mwisho. Elizabeth hakufichwa, Morris ameandika kwamba mkewe alilijua lililomo moyoni mwake tangu mapema, na naamini hilo peke yake liliipunguzia nyumba ile nusu ya uchungu. Mwenzi aliyegundua kwa kukuta nguo kabatini au ujumbe katika simu ana vidonda viwili vya kuuguza, na kile cha kudanganywa hupona kwa taabu kuliko kingine. Anayebadilika naye aghalabu amejaa furaha ya kuachiliwa, akitaka mambo yote yafanyike mwaka huu huu, ilhali mwenzake bado yuko katika wiki ile aliyoambiwa. Ni insafu yule wa kwanza apunguze mwendo, azungumze juu ya gharama kabla ya kuzilipa, na awaulize watoto kabla ya kwenda shuleni kwao kwa sura mpya.

Wala si kila mwenzi atabaki, na asiyebaki asihesabiwe kuwa amevunja ahadi. Mwanamke aliyeolewa na mwanamume kwa kuwa anapenda wanaume hawezi kuamriwa moyo wake ugeuke, kama vile na mumewe hakuweza kuuamuru wake. Nyumba nyingi huishia katika kutengana, na kutengana kukifanywa kwa staha, watoto wakabaki na wazazi wawili wanaosalimiana na kushauriana, si maangamizi. Waliobaki nao si wote wamebaki kwa namna moja: wengine wamebaki kama mume na mke kwa kila hali, wengine kama ndugu wawili waliozaa pamoja. Kilichowapasa wote, waliobaki na walioondoka, ni kwamba ulezi usiingizwe katika hesabu ya ugomvi.

Katika jambo hili sheria za Ulaya zimekwenda njia ya ajabu. Hospitali ya London iliyokuwa tayari kumpasua Morris ilimtaka kwanza atalikiane na mkewe. Naye, ambaye wakati ule hakuwa tayari kuivunja ndoa yake kwa amri ya waganga, akaenda Casablanca kwa Dokta Georges Burou. Baadaye walitalikiana kwa karatasi, wakaendelea kuishi pamoja huko Trefan, katika mazizi ya farasi ya zamani waliyoyageuza kuwa nyumba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2004, iliyowapa watu hati ya kutambuliwa jinsia yao, nayo haikumpa hati kamili mtu aliyekuwa angali katika ndoa. Ilimbidi achague moja, hati au ndoa. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu chake cha 12, ilisema kwamba hati haiigusi hadhi ya mtu ya kuwa baba au mama wa mtoto. Sijui kama waliotunga walikusudia hekima yote iliyomo humo, ila nakiona kifungu hicho kuwa kimesema kweli kubwa: jina laweza kubadilika, mavazi na mwili vyaweza kubadilika, na deni la mtu kwa mtoto wake likabaki palepale lilipokuwa, likidaiwa kila asubuhi.

Mwezi wa Mei 2008 mambo mawili yalitokea karibu karibu. Tarehe 14, katika mji mdogo wa Pwllheli, Jan na Elizabeth waliandikishwa tena kuwa wenzi, kwa sheria mpya ya ubia wa kiraia. Elizabeth akasema kwamba nadhiri zake alizitoa miaka 59 nyuma na bado anazishika. Siku kumi na tatu baadaye, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitoa hukumu juu ya mtu aliyezaliwa mwaka 1929, aliyebadili jinsia katika uzee wake, mwenye watoto watatu na ndoa ya zaidi ya miaka hamsini, ambaye sheria ilimtaka amtaliki mkewe ndipo atambuliwe kuwa mwanamke, na wao wawili hawakutaka talaka. Mahakama ilisema kwamba dola haina haki ya kumtenza nguvu mtu aivunje ndoa anayoitaka. Uingereza na Wales zikafuata, na tangu mwisho wa mwaka 2014 ndoa inaweza kuendelea, maadamu mwenzi ametoa idhini yake kwa maandishi. Wako wanaolipinga sharti hilo la idhini wakisema linamfanya mtu mmoja awe mlinzi wa lango la mwenzake, na hoja yao ina uzito; lakini kwa mara ya kwanza sheria ilikumbuka kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu wa pili, na kwamba naye anaulizwa.

Elizabeth mwenyewe hakuwa mtu wa kuhojiwa. Tunachokijua juu yake tumekipata zaidi kwa kalamu ya Jan, iliyomtaja kwa mahaba na taadhima. Yeye hakuandika kitabu. Laiti angeandika. Wako wanawake na wanaume leo, katika nyumba za Manchester na Toronto na penginepo, wangependa kumsikia akieleza ni maneno gani aliyoyatumia kumwambia mtoto wake mkubwa, na kama aliyasema jioni au asubuhi. Jamaa yupi aliacha kuja, na yupi alirudi. Alifanya nini na picha za harusi. Nani alimsikiliza yeye katika ile miaka minane. Na je, alipowaona watoto wakimzoea Jan kwa haraka kuliko yeye mwenyewe alivyomzoea, aliona faraja, au aliona upweke, au vyote viwili kwa pamoja.